Daftari la Vichwa

Landover, Alhamisi, mwishoni mwa Januari 2008. Mvua ya barafu tangu alfajiri.

Barabara leo ni kioo. Binti wa yule bibi ninayemtunza Jumanne na Alhamisi alinipigia simu asubuhi na mapema kuniambia nisihangaike kutoka, yeye mwenyewe hatakwenda kazini. Kwa hiyo niko nyumbani mchana wa Alhamisi, kitu ambacho hakijatokea tangu Septemba. Sare yangu ya kazi imekunjwa kitini na chai imepoa. Hali yangu ni mbaya. Siumwi.

Nina wivu.

Nimeliandika sasa, limetoka. Wasomaji wangu, ambao kwa hesabu yangu hamzidi saba na mmoja wenu ni dada yangu wa Mbeya, mnisamehe. Mlizoea mapishi na malalamiko ya baridi. Leo sina mapishi. Leo nina kijicho, cha kumwonea msusi.

Anaitwa Mama Wambui. Ni Mkenya wa Nyeri, anakaa ghorofa ya kwanza katika jengo hili hili letu, sisi tuko ya tatu. Anasuka nywele sebuleni kwake. Shule aliiachia kidato cha pili na hulisema hilo bila haya, kama mtu anayesema saizi ya kiatu chake. Mimi nimesomea ualimu. Nina cheti, kimo ndani ya bahasha chini ya nguo za harusi, na nimefundisha darasa la tano kule Tukuyu miaka sita kabla ya kuja Marekani. Darasa langu lilikuwa na watoto themanini na kitu, na wote waliandika. Wapo walioandika madudu, lakini waliandika. Nikisema toeni madaftari, madaftari yanatoka.

Mwanangu wa kumzaa mwenyewe hajawahi kuniandikia ukurasa mmoja.

Mganga hajigangi, walisema wazee, na mimi nilikuwa nacheka nikidhani wanawasema waganga.

Mwanangu ni Atupele, tunamwita Atu, ana miaka tisa. Nilimtoa shuleni Agosti iliyopita. Shule yake ilikuwa imemweka kwenye kikundi cha watoto wanaojifunza Kiingereza, eti kwa sababu ya fomu niliyojaza kwamba nyumbani tunasema Kiswahili. Mtoto hana lugha nyingine kinywani ila Kiingereza. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tumeishi hivyo tangu alipoanza kusema. Halafu siku moja wakamsimamisha asome insha yake mbele ya darasa, herufi zikampotea, wenzake wakacheka. Kuanzia hapo kila Jumatatu tumbo linauma. Penseli akiipata anaivunja ncha, anaomba ruhusa ya kwenda kuichonga, anakaa kwenye kichongeo mpaka kengele. Mwalimu wake alinieleza hayo kwa upole, lakini nilipomwangalia Atu pale pembeni niliona mtoto aliyekwisha kujifunza kunyamaza. Nikasema, mimi ni mwalimu, nitamfundisha mwenyewe.

Baba Atu hakupenda. Anafanya kazi kwenye maghala hapa hapa Landover, anarudi amechoka, na kwake yeye shule ni jengo lenye bendera. Tulikubaliana mpaka Januari. Januari ndiyo mwezi wa kwenda Upper Marlboro, kwenye ofisi za wilaya, na faili la kazi za mtoto. Unakaa na mkaguzi, anafungua, anaangalia hesabu, sayansi, kusoma, kuandika. Akiridhika mnaendelea. Asiporidhika, mnapewa muda wa kurekebisha, na baada ya hapo mtoto anaweza kurudishwa shule. Baba Atu aliniambia wazi kwamba yeye hataki habari za muda wa kurekebisha. Faili likikataliwa, Atu anarudi.

Miadi yetu ni kesho saa nne asubuhi.

Niwaambie jinsi nilivyokuwa namfundisha kuandika, ili mnicheke vizuri. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu kamili, meza imefutwa, penseli tatu zimechongwa. Mada juu ya karatasi. Utangulizi, kiini, hitimisho. Atu anaketi kama mtu aliyeitwa polisi. Swali lake huwa moja tu: anataka kujua ninataka sentensi ngapi. Nikisema kumi, anaandika namba moja mpaka kumi pembeni, halafu anatazama dirisha. Mwisho wa saa tuna sentensi tatu, mojawapo ni tarehe. Mimi nakuwa nimepandisha sauti, yeye machozi yamelowanisha karatasi, na karatasi iliyolowa haiandikiki. Niliwahi kufundisha themanini ndani ya chumba chenye madirisha yasiyo na vioo. Huyu mmoja alinishinda kwenye meza yenye joto na taa.

Jumanne na Alhamisi ninapokwenda kwa bibi wangu, Atu hushuka kwa Mama Wambui. Naye anamsomesha binti yake nyumbani, huyo Wambui mwenyewe, mwenye miaka kumi. Wivu wangu ulianzia kwa Wambui, nisiwafiche. Mwezi Desemba, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, Wambui alisimama mbele akasoma insha yake juu ya nyanya yake, kurasa mbili nzima, watu wakapiga vigelegele. Mama Wambui alikaa na mkoba mapajani, akitabasamu kidogo tu. Nilipiga makofi ya mtu aliyevaa glavu. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitafuta makosa kwenye ile insha, na nilipoyapata mawili nililala vizuri.

Huyo ndiye mimi. Sasa tufike Jumanne.

Jumanne nilipotoka kazini nilipita kumchukua Atu kama kawaida. Wasichana wetu wawili walikuwa katikati ya mchezo wao, wakaomba nusu saa. Nikachukua begi lake nikapanda peke yangu, maana nilikuwa na faili la kujaza. Hesabu zilikuwepo nyingi, sayansi tulikuwa na maharage yaliyoota kwenye pamba na picha zake. Sehemu ya kuandika ilikuwa na karatasi tano, zote nilizomnakilisha mimi kutoka ubaoni. Mkaguzi yeyote angejua. Nikafungua begi nikitafuta chochote, hata orodha ya vitu vya dukani.

Nikakuta daftari nisilolijua. Jalada la njano. Juu yake, kwa mwandiko wake unaoegemea kushoto, ameandika neno moja la Kiingereza lenye maana ya Vichwa.

Lilikuwa limejaa karibu lote. Kila ukurasa kichwa kimoja. Kumbe siku zote hizo, wanawake wanapokaa sakafuni kati ya magoti ya Mama Wambui wakisukwa, mwanangu alikuwa kwenye kona ya meza ya jikoni akiwaandika. Natafsiri, maana ni Kiingereza chake. Kuna mama wa Kikongo ambaye akichanwa nyuma ya sikio la kushoto huanza kuimba ili asilie. Kuna mwanafunzi anayetoka Herndon, mbali kote huko, anayeongea na simu saa nne mfululizo, kichwa hakitulii, mpaka Mama Wambui anakishika kwa magoti kama nazi inayokunwa. Kuna bibi harusi mwenye kovu juu ya paji ambaye hakusema lolote juu ya kovu, lakini kila msuko ukimalizika anaomba kioo aangalie pale pale. Makosa ya herufi ni mengi. Nukta hakuna. Lakini niliwaona. Niliwaona wote, mmoja mmoja, na wengine nimekutana nao kwenye ngazi sikuwahi kuwatazama.

Natamani kuandika hapa kwamba nilifurahi. Mama mwenye akili angefurahi, angepiga magoti akashukuru. Mimi roho iliniuma mpaka nikakaa. Kwa hiyo anaweza. Ameweza muda wote huu. Anaweza kwa mwingine, kwenye chumba chenye harufu ya mafuta ya nywele na televisheni inayopiga kelele, mbele ya mwanamke asiyejua utangulizi wala hitimisho. Kwangu, kwenye penseli tatu zilizochongwa, anaandika tarehe.

Nikachukua kalamu nyekundu.

Nataka mnielewe hapa, hasa mliozaliwa na kusoma huku Marekani. Kwetu, daftari lisilo na wino mwekundu ni la mtoto asiye na mwalimu. Tulikuwa wengi, mwalimu mmoja, na kuna wiki madaftari yalirudi kama yalivyokwenda. Yakirudi yamesahihishwa, unakimbia nayo nyumbani. Hata ukipata mbili juu ya kumi, kuna mtu mzima amekaa na maneno yako. Mimi mwenyewe nilisahihisha madaftari themanini kwa taa ya chemli mpaka macho yakatoka maji, na niliona ndiyo namna yangu ya kuwapenda. Kwa hiyo nilijidanganya kirahisi. Nilijiambia namsaidia kwa ajili ya mkaguzi.

Nikaanza na herufi kubwa moja tu. Halafu nukta. Halafu tahajia. Ukurasa wa tano nilikuwa nimeshika kasi, na nitawaambia ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: nilikuwa naona utamu. Kila duara jekundu lilikuwa linamtoa Mama Wambui kwenye lile daftari na kuniingiza mimi. Chini ya kila kichwa nikaweka maksi, tarehe, na sahihi yangu ya Tukuyu yenye mkia.

Kichwa cha kumi na tisa kilikuwa changu.

Ilikuwa siku ile kabla ya Krismasi Mama Wambui aliponisuka bure, saa tano nzima, na mimi nilikuwa nimetoka zamu mbili. Atu ameandika hivi: "Kichwa cha mama yangu kina mahali bapa juu ambapo alikuwa anabeba ndizi alipokuwa mdogo. Huwezi kupaona kwa sababu ya kitambaa. Mama Wambui alipofika hapo alisuka polepole. Mama alilala. Mdomo wazi. Alionekana kama mtoto wa mtu. Nilikaa karibu ili kichwa kisianguke."

Chini ya maneno "mdomo wazi" nilipiga mstari, nikaandika pembeni: sentensi haijakamilika. Mwisho wa ukurasa nikaandika: jitahidi, eleza zaidi. Saba juu ya kumi.

Sikusimama. Kalamu ilikuwa na mwendo wake, nikafungua kichwa cha ishirini.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalingoja kama dakika kumi hivi. Atu alipanda, akaliona daftari mezani, wazi. Akaanza ukurasa wa kwanza, akafunua mmoja mmoja mpaka mwisho, bila haraka, kama anavyofanya bibi wangu na albamu zake. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko nikingoja. Nilikuwa kweli nangoja anishukuru. Hakulia. Alilifunga, akalichukua, akalipachika mwenyewe ndani ya faili, sehemu ya kuandika, akalinyoosha kingo.

"Is that enough for the lady?" aliniuliza. Alitaka kujua kama litamtosha yule mama mkaguzi wa ofisini.

Nikasema linatosha. Akaenda kunawa mikono.

Baba Atu aliporudi nilimwonyesha, nikiwa bado najitetea ingawa hakuna aliyekuwa amenishtaki. Alisoma akiwa amesimama na koti lake la kazini. Vichwa vya mwanzo alicheka kwa sauti, alivijua baadhi. Alipofika cha kumi na tisa alikaa chini. Akasoma mara mbili, nilimwona macho yakirudi juu.

"Mama Atu," akasema, "hii ndiyo umempa saba?"

Aliuliza kwa upole. Baba Atu ni mtu wa kelele kwa mambo madogo, kwa makubwa huwa mpole.

Jana, Jumatano, saa tatu, meza, penseli tatu. Nilimwambia aandike chochote anachotaka. Aliniuliza sentensi ngapi. Nikasema yoyote. Akasema afadhali nimtajie. Nikataja tano. Aliandika tano, moja kwa moja bila kuinua kichwa, kila moja na herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Zilihusu maharage. Hazikuwa na kosa hata moja, na hazikuwa na mtu ndani yake. Nimewahi kupokea insha kama hizo kwa mamia kutoka kwa watoto wanaoniogopa, na wakati ule nilikuwa nazipa kumi.

Leo asubuhi, barafu ikigonga madirisha, nikashuka kwa Mama Wambui. Msidhani nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda na kisa. Nilikuwa nimekwisha kujishawishi kwamba anamsaidia, kwamba anamtajia maneno Atu anaandika, na kama ndivyo basi si kazi ya mtoto, na kama si kazi ya mtoto basi mimi sijashindwa na mtu. Nilikuwa nautaka sana huo udanganyifu wake.

Wateja hawakuja kwa sababu ya barafu. Alikuwa peke yake sakafuni anatenganisha nywele za kusukia, pakiti kwa pakiti, Wambui chumbani anasoma. Akanipa chai kabla sijasema kitu. Nikamuuliza, kwa sauti ya ukaguzi, anamfundishaje Atu kuandika.

Akashangaa. Akasema yeye hajamfundisha. Siku za kwanza mtoto alikuwa anazurura tu, akampa lile daftari lililobaki kwa Wambui ili atulie, basi. Atu akimwambia amemaliza ukurasa, yeye humwambia sawa, kula chapati. Nikamuuliza makosa anamrekebishia nani.

"Mimi hiyo buku sijawahi fungua, Mama Atu."

Nikamwambia haiwezekani. Miezi minne, daftari liko mezani pake, asifungue?

"Hakuniambia nisome," akasema. Akavuta uzi wa nywele, akaunyoosha, akaufunga fundo. "Na mikono yangu huwa kwa kichwa ya mtu, nitasoma saa ngapi? Lakini hata kama. Alisema ikijaa ndio ataipeleka kwa mamake. Ilikuwa imebakisha page kidogo tu. Kwani hajakuletea?"

Nilisema ameleta.

Nilimaliza chai ile ikiwa moto, ikaniunguza ulimi, na nilifurahi kuungua. Nilipanda ngazi kurudi kwetu. Nilikuwa nimekwenda kumkamata mtu na siri ya ufundi, na siri yenyewe ni kwamba hakuwa anaangalia. Mwanamke alikuwa anasuka. Mtoto alikuwa pembeni, hakuna anayemngoja, na ndani ya kutongojwa kule akaandika vichwa ishirini na kitu, kisha akavihifadhi kwa ajili yangu. Nilikuwa namwonea Mama Wambui wivu kwa zawadi iliyokuwa inakuja kwangu. Niliifungua njiani, nikaichanachana, nikaitia sahihi.

Na bado, mbele ya Mungu, wivu haujaisha. Umebadilika tu. Sasa namwonea wivu kwa kuweza. Daftari la njano, mezani kwako, miezi minne, na huligusi. Mimi singeweza siku moja. Hiyo haimo kwenye cheti changu.

Atu alikuwa amekaa sebuleni na blanketi. Kwetu mtu mzima akimkosea mtoto hamwombi msamaha. Anampikia kitu, anamwita kwa jina la utoto, mtoto anaelewa, maisha yanaendelea. Nikamkaangia ndizi. Akala. Nikaona haitoshi, maana alikuwa anakula kwa adabu.

Basi nikakaa chini, mkekani, nikamwambia kwa Kiswahili, polepole ili nisikimbilie maneno: "Nimekosa. Lile lilikuwa lako. Sikuombwa kusoma, na lile la kichwa changu sikupaswa kulipa namba."

Alitafuna kwanza, akameza. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama angeandika "mdomo wake ulikuwa wazi" ningempa ngapi. Swali la kweli, si la kejeli. Alikuwa anataka kujua. Hapo ndipo nililia, na siwaambii kwa muda gani.

Nimelitoa daftari kwenye faili. Nimeliweka upande wake wa meza, nikamwambia halitakwenda Upper Marlboro. Hakulishika. Alilitazama tu, jalada la njano, kisha akatazama dirisha. Kwa hiyo kesho saa nne, barabara zikifunguka, nitakaa mbele ya mkaguzi na hesabu nyingi, maharage yaliyoota, na kwenye kuandika sentensi tano safi zisizo na mtu. Nitamwambia ukweli: mwanangu anaandika, alikuwa ameanza, mimi nikamkatiza. Sijui kama kuna kisanduku cha jambo hilo kwenye fomu zao. Baba Atu nimempigia simu kazini nikamweleza. Akasema atakwenda na sisi. Hakusema kwa upande wa nani.

Nilipomaliza kuosha vyombo sikujua nikae wapi. Mezani siwezi, nikikaa mezani ninakuwa mwalimu. Kompyuta yetu iko kwenye kona, ukiitumia unaipa sebule mgongo. Nikaiwasha. Ndiyo maana leo mmepata habari ndefu hivi. Sina la kufanya na mikono yangu, na najua nikiinuka nitageuka.

Tangu aya ile ya sare ya kazi nilikuwa nasikia blanketi tu. Kama nusu saa hivi iliyopita nimesikia kiti cha meza kikivutwa. Halafu kimya. Halafu, mniamini, penseli. Naijua sauti ya penseli kwenye karatasi kuliko ninavyoijua sauti yangu. Inaweza kuwa anachora. Inaweza kuwa anafuta wino wangu, ingawa wino ule haufutiki. Sijui ni daftari lile au karatasi nyingine. Shingo inaniuma kwa kuizuia. Nina wivu hata na meza.

Nimeacha kuandika kwa dakika chache hapa.

Penseli ilisimama, akaja. Alisimama nyuma ya kiti changu, nikasikia pumzi yake na ile harufu ya ndizi. Akauliza ninaandika nini.

Niliweka viganja vyote viwili juu ya kioo cha kompyuta. Kioo ni kikubwa, viganja vyangu vidogo. Kiswahili hakisomi vizuri, lakini jina lake analijua, na humu limejaa kila mahali. Nikamwambia bado sijamaliza, na kwamba sitaki mtu asome.

"It's okay, Mama. I won't look."

Akaenda jikoni, akanywa maji, akarudi kwa njia ile ile, karibu kabisa na kiti changu, uso ameugeuzia ukutani mwanzo mpaka mwisho. Hakuangalia hata mara moja. Kiti kimevutwa tena.

Mimi ningeangalia.